Oili na Machujio ya Lori la Dizeli

(Maneno yafuatayo yalinenwa mbele ya madereva, matingo na wenye malori huko Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma.)

Mahali hapa ndipo mahindi ya wilaya nyingi hupakiwa katika malori. Sitanena habari za mwendo wa barabarani wala za bei ya mizigo. Nitanena habari ya vitu viwili vidogo, navyo ni oili ya injini na machujio yake, ambayo mafundi huyaita filta. Gharama yake ni ndogo, lakini asiyeviangalia hupotewa na injini nzima.

Kwanza, yatupasa kuijua nchi yetu. Uwanda huu wa Dodoma u juu ya bahari zaidi ya mita 1,000, na mvua yake huanza kwa desturi mwezi wa Desemba na kwisha Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Vumbi hili si unga mtupu, maana ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha injini. Wazee wa Kongwa wametusimulia habari zake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa shauri kubwa la kulima karanga. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha kutumika, mengine katika vita. Ardhi ilikuwa ngumu kama tofali wakati wa kiangazi, nayo ikavila vyuma. Mafundi na vipuri havikutosha. Mvua nazo zikawa haba. Mwaka 1951 shauri lile liliachwa, na hasara yake ilikuwa kiasi cha paundi milioni 36. Sisemi ya kuwa vumbi peke yake liliwashinda, lakini lilikuwa miongoni mwa adui zao, na adui huyo yupo hata leo.

Sasa tutazame kazi ya oili. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi yake ni kulainisha tu. Sivyo. Oili hulainisha, hupoza moto wa pistoni, huosha masizi, na huua ukali wa asidi itokayo katika dizeli iliyoungua. Kwa hiyo oili ya dizeli kugeuka nyeusi upesi si kosa; ni dalili ya kuwa inayashika masizi yasigande ndani ya injini. Lakini mkiiona nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tena mkiona kipimo chake kimepanda pasipo mtu kuongeza, nayo yanuka dizeli, basi dizeli inavuja ndani yake. Katika mambo haya mawili msiendelee na safari, bali mwiteni fundi.

Katika kuchagua oili, someni mambo mawili juu ya kopo. La kwanza ni uzito wake, kwa mfano 15W-40. Tarakimu ya mbele, pamoja na herufi W, hueleza jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi, na ya nyuma hueleza uzito wake injini ikiwa imepata moto. Baridi ya Dodoma, hata mwezi wa Julai, si ya barafu. Kwa hiyo 15W-40 hufaa malori mengi ya huku, isipokuwa kama kitabu cha lori kinaagiza nyingine. Kitabu kikiagiza nyingine, kitabu ndicho kifuatwe.

Jambo la pili ni daraja lake. Zitafuteni herufi API, kisha herufi mbili na tarakimu. Herufi ya kwanza ikiwa C, oili hiyo ni ya dizeli. Ikiwa S peke yake, ni ya petroli. CF-4 ni daraja la zamani. CH-4 ilikuja mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Lori lisilo na chujio la masizi katika bomba la moshi litatumika vema kwa CI-4. Lori jipya lenye chujio hilo lataka oili yenye majivu machache, kama CK-4, la sivyo chujio lake litaziba.

Sasa nafika kwenye machujio. La hewa ndilo mlinzi wa mlango. Injini ya lita 11 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 8,000 za hewa katika dakika hiyo moja, na yenye tabo huvuta zaidi. Chujio likiwa na tundu dogo tu, vumbi litaingia mchana kutwa na kuzila ringi za pistoni. Basi msiligonge chujio la karatasi juu ya tairi, wala msilipulize kwa nguvu nyingi kutoka nje kwenda ndani. Na mipira ya bomba la hewa itazamwe isiwe na ufa.

Chujio la oili lina mlango mdogo wa usalama ndani yake. Likiziba, mlango ule hufunguka, na oili chafu hupita moja kwa moja mpaka kwenye krenki. Kwa hiyo mtu abadilishaye oili na kuacha chujio kuukuu ni kama aogaye kisha akavaa nguo zile zile chafu. Tena, machujio ya bandia hufanana na ya kweli kwa rangi, lakini karatasi yake ni haba na mpira wake hugeuka mgumu upesi. Nunueni kwa muuzaji mnayemjua, ombeni risiti, na linganisheni jipya na la zamani kabla ya kulifunga.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa tingo niliagizwa kubadilisha chujio. Nililifungua la zamani, na mpira wake ukabaki umeng'ang'ania kwenye injini; sikuutazama. Nikafunga jipya juu yake, mpira juu ya mpira. Tulipakia alizeti Kondoa, nasi tukashika njia ya Dodoma. Kabla ya nusu ya njia mpira ulisukumwa nje, oili yote ikamwagika barabarani. Taa nyekundu iliwaka, lakini dereva alitaka kufika kwanza kijijini. Hatukufika, injini ilikamata. Mwenye lori alikuwa ameuza ng'ombe wa baba yake ili alinunue. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliketi chini ya mbuyu akanyamaza, na kimya kile nakisikia mpaka leo.

Basi shikeni maneno haya. Mwageni oili ingali na moto, lori likiwa mahali pa tambarare. Futeni pale chujio linapokaa, na hakikisheni mpira wa zamani umetoka. Upakeni mpya oili kidogo, mkaze kwa mkono kama chujio lenyewe linavyoagiza. Washeni injini, tazameni kama pana uvujaji, zimeni, ngojeni kidogo, kisha pimeni. Andikeni tarehe na kilometa. Katika nchi ya vumbi msingojee kilometa zote zilizoandikwa kwa ajili ya barabara njema. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, zimeni injini papo hapo, hata kama ni porini.

Oili chafu msiimwage ardhini. Mji wa Dodoma hunywa maji ya visima vya Makutupora, na vijiji vingi navyo hutegemea visima. Ikusanyeni katika madumu, mwape wanaoichukua kwa kazi iliyo halali.

Ndugu zangu, lori moja hulisha nyumba nyingi: ya mwenyewe, ya dereva, ya tingo, na ya mkulima aliyengojea gunia lake lifike sokoni. Anayelitunza hutunza nyumba hizo zote.