Mcheza Kwao Hutunzwa

Msikilizaji, shabiki anayegoma kuingia uwanjani hakosi jina la kubandikwa. Ataitwa msaliti, ataitwa shabiki maandazi, ataambiwa kwamba mwenye mapenzi ya kweli huifuata timu yake popote inapokwenda. Leo nasimama upande wa huyo anayelaumiwa. Hoja yangu ni hii: mmiliki anapoihamisha timu kutoka mji wake bila ridhaa ya watu wanaoujaza uwanja, kususia mechi za nyumbani ni njia halali ya kuitetea klabu, hata kama inatetewa dhidi ya mmiliki wake mwenyewe. Sitegemei hisia katika kulisema hili. Nategemea mambo yaliyotokea Coventry, mji wa viwanda ulio katikati ya Uingereza, ambako katika msimu wa 2013/14 maelfu ya watu walikataa kuitazama timu waliyokuwa wakiishangilia tangu utotoni.

Coventry City haikuwa klabu ya kuokota. Ilikaa daraja la juu la soka la Uingereza kwa miaka 34 mfululizo, kuanzia 1967 hadi 2001, na mwaka 1987 ilitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Tottenham mabao 3-2. Kwa zaidi ya karne moja ilicheza Highfield Road, kisha mwaka 2005 ikahamia Ricoh Arena, uwanja mpya wenye viti zaidi ya 32,000. Tatizo ni kwamba uwanja huo haukuwa mali yake. Ulikuwa chini ya kampuni iliyomilikiwa nusu kwa nusu na halmashauri ya jiji pamoja na taasisi ya hisani, na klabu ikawa mpangaji wa kulipa kodi ya zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka. Desemba 2007 klabu ikanunuliwa na Sisu, kampuni ya uwekezaji ya London. Mwaka 2012 timu ikashuka hadi daraja la tatu, na mwaka huohuo wamiliki wakaacha kulipa kodi. Ugomvi ukakua, klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa madeni, pointi zikakatwa, na katika kiangazi cha 2013 bodi ya ligi ikaruhusu Coventry City icheze mechi zake za nyumbani Northampton, katika uwanja mdogo wa Sixfields, kilomita 56 kutoka Coventry.

Kilichofuata kinaonekana katika hesabu za mlangoni. Msimu wa mwisho kabla ya kuhama, wastani wa watazamaji ulikuwa karibu 11,000. Mechi ya kwanza Sixfields, dhidi ya Bristol City, ilikuwa na mabao tisa, Coventry ikashinda 5-4, na waliolipa kuingia walikuwa 2,204. Wastani wa msimu mzima haukufika 2,500. Kaulimbiu ya wagomaji ilikuwa nyepesi kueleweka: hata senti moja zaidi hatutoi. Lakini hawakukaa nyumbani na kuzima redio. Nyuma ya uwanja wa Sixfields kuna kilima, na wengi walisafiri hadi Northampton, wakapanda kilima hicho, wakatazama sehemu ya uwanja waliyoweza kuiona, huku wakiimba nje ya uzio. Na timu ilipocheza ugenini, waliifuata kwa maelfu. Walipokwenda kwa Arsenal katika Kombe la FA Januari 2014, waliutumia uwanja huo mkubwa kuiambia nchi nzima kwamba wanataka timu yao irudi nyumbani.

Hapo ndipo wanaowaita wasaliti wanapokwama. Katika ligi za Uingereza, mapato ya kiingilio hubaki kwa klabu mwenyeji. Shabiki wa Coventry aliyenunua tiketi ya ugenini aliitajirisha klabu nyingine. Aliyenunua tiketi Sixfields alimpa fedha mmiliki aliyeihamisha timu. Kwa hiyo kugomea mechi za nyumbani na kujaza majukwaa ya ugenini hakukuwa ukigeugeu. Walikuwa wametenga vitu viwili ambavyo wamiliki hupenda tuvione kuwa kimoja: timu inayopendwa, na uamuzi wa biashara unaopingwa. Mtu aliyechoka na timu yake hapandi kilima wakati wa baridi kuitazama.

Yupo atakayesema kwamba kilomita 56 si kitu, na kwamba watazamaji walipungua kwa sababu ya umbali tu, wala si kwa msimamo. Hoja hii ina uzito wake. Klabu ya Brighton ilipopoteza uwanja wake mwaka 1997 na kucheza katika mji wa Gillingham kwa misimu miwili, watazamaji walipungua sana pia, na safari yao ilikuwa ndefu kuliko ya Coventry. Umbali unakata miguu, hasa ya mzee, ya mtoto, na ya mfanyakazi anayetoka zamu saa sita mchana siku ya Jumamosi. Lakini umbali hauwezi kumweleza mtu wa kilimani. Yeye safari aliimaliza. Nauli aliilipa. Alibakiwa na hatua chache kufika dirisha la tiketi, naye akakataa kuzipiga. Tena watu hawahawa hawakugoma mwaka 2005 walipoondolewa Highfield Road waliyoipenda, kwa sababu Ricoh Arena ilikuwa ndani ya mji wao na walihamishwa ili klabu ikue. Hata sisi wa Afrika Mashariki tunaijua tofauti hiyo. Juni 2024, Harambee Stars ilicheza mechi zake za nyumbani dhidi ya Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi, kwa kuwa viwanja vya Kenya havikuwa na kibali. Wakenya walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini hakuna aliyedhani timu imepelekwa Malawi ili kumkomoa mwenye uwanja wa Nairobi. Uhamisho wa dharura huvumilika. Uhamisho unaotumika kama silaha ni jambo jingine.

Je, uhamisho wa Coventry ulikuwa silaha au dharura? Wamiliki walikuwa na malalamiko ya haki, na mtu mwadilifu hatayaficha. Kodi ile ilikuwa kubwa mno kwa timu ya daraja la tatu, tena mapato mengi ya siku ya mechi, kuanzia chakula hadi maegesho ya magari, hayakuingia katika mfuko wa klabu. Mpangaji wa namna hiyo ana haki ya kudai masharti mapya. Hata hivyo kesi iliyofunguliwa na Sisu dhidi ya mkopo wa halmashauri kwa kampuni ya uwanja ilipofika Mahakama Kuu mwaka 2014, walishindwa, na jaji alieleza kwamba kuzuia kodi kulikuwa mkakati wa makusudi wa kuidhoofisha kampuni hiyo kifedha. Maana yake ni kwamba timu iliondolewa mjini ikiwa sehemu ya vita vya kugombea mali. Katika vita hivyo shabiki hakuwa na kiti mezani. Hakuwa na hisa, hakuwa na kura, hakuulizwa. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho pande zote zilikihitaji: kuwapo kwake uwanjani. Kumwambia asikitumie ni kumwambia anyamaze.

Pingamizi zito zaidi linawahusu wachezaji. Wao hawakuamua lolote, na walicheza mbele ya viti vitupu. Ni kweli, na inauma. Lakini tuangalie matokeo. Chini ya kocha Steven Pressley, kikosi kile kilifunga mabao kwa wingi, mshambuliaji Callum Wilson akapachika zaidi ya 20 na kujitengenezea njia ya kwenda Bournemouth. Timu ilimaliza nafasi ya 18 na haikushuka. Isingeanza msimu na upungufu wa pointi 10, ingekuwa katikati ya msimamo. Pointi hizo zilipotea kwa sababu ya hali ya klabu katika usimamizi wa madeni, zikaamuliwa ofisini, na shabiki hakuhusika nazo kwa namna yoyote. Anayedai kwamba mgomo uliinyima klabu fedha anapaswa kwanza kumuuliza aliyeihamisha timu kutoka uwanja wa watu 32,000 hadi uwanja usiofikisha 8,000 alikuwa akipiga hesabu gani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tuzo ina sharti lake, na sharti hilo ni kucheza kwao. Huwezi kuiondoa timu kwao kisha ukadai utuzwe vilevile.

Basi mgomo ulifanikiwa? Agosti 2014 makubaliano ya kurudi yalipatikana, na tarehe 5 Septemba Coventry ikaikaribisha Gillingham katika Ricoh Arena mbele ya watu 27,306. Siwezi kusema kwamba mgomo peke yake uliirudisha timu, kwa maana mazungumzo, mahakama na shinikizo la wanasiasa vyote vilikuwa na mchango. Lakini mmiliki aliyekwisha kuona Sixfields tupu alijua kwamba uhamishoni hakuna biashara. Tukiri pia mipaka ya mgomo. Miezi michache baadaye klabu ya raga ya Wasps iliununua uwanja, ugomvi ukaanza upya, na kuanzia 2019 Coventry ilicheza tena nje ya mji wake, safari hii Birmingham, hadi ilipoanza msimu wa 2021/22 nyumbani. Wamiliki walewale waliendelea kuishika klabu hadi ilipouzwa kwa Doug King mwanzoni mwa 2023. Mgomo unaweza kumfanya mwenye timu aone hasara ya kuhama. Hauwezi kumfanya asiwe mwenye timu.

Na pale mmiliki asiporudi nyuma kabisa, historia ya Wimbledon ndiyo jibu. Mei 2002 tume ya watu watatu, kwa kura mbili dhidi ya moja, iliruhusu klabu hiyo ya kusini mwa London ihamie Milton Keynes, karibu kilomita 90 kaskazini. Tume ikasema kwamba kuanzisha klabu mpya ya mashabiki hakungekuwa kwa maslahi mapana ya soka. Mashabiki wakaianzisha ndani ya wiki chache, wakaiita AFC Wimbledon, wakaanza daraja la tisa. Klabu ya zamani, ikisubiri kuhama, ilicheza mechi moja ya ligi Oktoba 2002 mbele ya watu 849. Ile mpya ilipanda hadi ligi ya kulipwa mwaka 2011, na Novemba 2020 ilifungua uwanja wake Plough Lane, mtaa uleule ilikotoka klabu ya awali. Waliosusia timu moja walijenga nyingine, na hilo haliwezekani kwa watu wasiojali.

Uingereza imechukua muda mrefu kulisikia somo hili. Sheria ya Usimamizi wa Soka ya mwaka 2025 imeunda chombo huru cha kudhibiti klabu, na inaitaka klabu ipate kibali cha chombo hicho kabla ya kuuza au kuhama uwanja wake wa nyumbani. Kwetu, kanuni za Tanzania zinazotaka klabu za wanachama zibaki na asilimia 51 ya hisa zinapozipokea fedha za wawekezaji ni kinga nzuri, ila asilimia hizo hazina faida ikiwa mwanachama haulizwi mambo makubwa. Kwa hiyo nawaomba wanachama wa klabu zetu, kabla mwekezaji hajafika na kabla ugomvi haujazuka, waandike katika katiba kwamba makao ya timu, rangi yake na jina lake havibadilishwi bila kura ya mkutano mkuu. Pasipo na kura hiyo, siku ya kuhamishwa ikifika, shabiki atabakiwa na tiketi yake tu, na atakuwa na haki ya kutoinunua.