Kikombe cha Chai na Damu ya Mjamzito



Mjamzito anayepimwa kliniki na kuambiwa kuwa wingi wa damu yake uko chini ya gramu 11 kwa desilita mara nyingi hushangaa. Nyumbani kwake maharage hayakosekani, na mchicha huchumwa uani. Vyote viwili vina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza chembechembe nyekundu za damu. Huenda kikwazo kimo katika kikombe kilichowekwa kando ya sahani.

Chuma kitokacho katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama, maini na samaki. Chai ya majani, iwe ya rangi au ya maziwa, ina tanini zinazokinasa chuma hicho kikapita tumboni bila kuingia katika damu. Kikombe kimoja kinywewacho pamoja na mlo chaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Hakuna anayekatazwa chai; ingojwe tu saa moja au mbili baada ya chakula, na mahali pake pachukuliwe na chungwa, pera, au kachumbari iliyokamuliwa ndimu, kwa kuwa vitamini C hurahisisha ufyonzwaji. Dagaa wachache ndani ya maharage husaidia pia. Ama juisi ya rozela inayosifiwa kwa rangi yake, wekundu wa kinywaji si kipimo cha chuma kilichomo.

Hata hivyo, katika ujauzito chakula pekee aghalabu hakitoshi, ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Wapo wanaoviacha kabatini baada ya siku chache kwa kuogopa choo cheusi na kichefuchefu. Weusi huo huletwa na chuma kisichofyonzwa, nao hauna madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa pamoja na chakula au kabla ya kulala, kwa maji, si kwa chai. Mwenye hamu ya kula udongo asione haya kumweleza muuguzi, maana hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu.

Kila uzazi humwaga damu, na mama aliyeingia leba akiwa na damu kidogo huzidiwa upesi. Kwa hiyo aliyeacha vidonge arudi navyo kliniki, hata pakiti ikiwa imebaki nusu, apimwe upya, pamoja na malaria na minyoo, ambavyo pia hupunguza damu.