SHIRIKA LA JKT NA VIJANA WANAORUDI NYUMBANI
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Wilaya ya Mafia



Kijana wa Mafia anayetaka kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa haanzii kambini. Huanzia katika ofisi za wilaya hapa Kilindoni, kwa kuwa maombi na usaili huratibiwa na wilaya na mkoa. Akichaguliwa huvuka bahari hadi Nyamisati na kuendelea na safari ya kikosi alichopangiwa. Miaka miwili ikiisha huvuka tena kurudi, akiwa na cheti mkononi na swali kichwani: sasa kazi iko wapi? Jina linalotajwa mara nyingi katika kulijibu swali hilo ni SUMAJKT, na mazungumzo haya yanahusu shirika hilo na uhusiano wake wa muda mrefu na jeshi.

JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kutokana na wazo lililotoka kwa vijana wa TANU. Kazi zake za awali zilikuwa kufyeka mapori, kulima na kujenga. Sheria ilipowataka wasomi nao watumikie mwaka 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mwezi Oktoba, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka 1975 JKT liliunganishwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo la kiutawala ambalo watumishi wa uhasibu wataling'amua upesi. Kambi zilizalisha mahindi, matofali, samani na nguo, lakini kikosi cha jeshi si duka. Hakiwezi kuingia zabuni kwa jina lake wala kudaiwa mahakamani kama mfanyabiashara. Shirika la Uzalishaji Mali la JKT liliundwa mwaka 1981 ili kuziba pengo hilo, chini ya sheria ya mwaka 1974 inayoiwezesha Serikali kuunda chombo chenye nafsi yake kisheria, kinachoweza kumiliki mali, kufunga mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Leo shirika hilo lina kampuni na miradi ya ujenzi, kilimo, samani, ushonaji, maji ya chupa na ulinzi.

Kwa hiyo shirika ni la jeshi, lakini kazi zake ni za mkataba. Tofauti hiyo imesahauliwa na watu wa pande mbili, na kila upande umeumia kwa namna yake.

Upande wa kwanza ni wateja. Kuanzia mwaka 2010, shirika lilikabidhiwa matrekta yaliyonunuliwa kwa mkopo kutoka India, liyauze kwa wakulima katika mpango wa Kilimo Kwanza. Wengi waliyachukua kwa mkopo, wakiwamo viongozi na watumishi wa umma. Matrekta yalilima, marejesho hayakuja kwa wakati. Madeni ya mabilioni ya shilingi yalibaki katika vitabu vya shirika kwa miaka, hata ikabidi majina ya wadaiwa yafuatiliwe hadharani. Mtu ambaye asingethubutu kuchelewesha deni la benki aliona deni la jeshi linaweza kungoja, kama kwamba jeshi halili.

Katika ulinzi jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu kinachodaiwa si chuma. Kampuni ya ulinzi ya shirika huajiri vijana waliopitia JKT na kuwapanga katika malindo ya ofisi, maghala na miradi. Ankara ya mwezi ikikaa juu ya meza ya mhasibu kwa kuwa kasma imekwisha, au kwa kuwa mtia saini yuko safarini ng'ambo ya bahari, anayeumia ni kijana aliyekesha getini. Yeye hajui habari ya kasma. Anajua kwamba mwezi umekwisha na mwenye chumba amebisha hodi. Ofisi inayotia saini mkataba wa ulinzi yapaswa kuwa imekwisha kutenga fungu la miezi yote ya mkataba, si la miezi mitatu ya kwanza.

Upande wa pili ni vijana wenyewe, na hapa yafaa kusema kwa upole, maana hawakujidanganya bila sababu. Septemba 2017 Rais John Magufuli aliagiza machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani yazungushiwe ukuta. Jeshi na vijana wa JKT waliujenga, kilomita 24.5, kwa miezi michache tu, ukafunguliwa tarehe 6 Aprili 2018. Siku hiyo Rais aliagiza vijana walioujenga waajiriwe. Habari ikaenea katika kila kambi, na kila aliyebeba zege mahali pengine akaona ahadi ile ni yake pia.

Aprili 2021, baada ya Rais huyo kufariki, vijana zaidi ya 800 waliondolewa kambini kwa kosa la nidhamu: walitaka kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino kudai ajira waliyoamini wameahidiwa. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Yaliyotangulia kosa lile yanaeleweka. Kijana alipewa kazi ya askari, akaifanya kwa nidhamu ya askari, akasahau kwamba tangazo la kujitolea husema wazi kuwa JKT halimwahidi mtu ajira.

Tangazo hilo lisomwe na mzazi pia, kabla ya mwana kupanda boti.

Kinachobaki mkononi mwa kijana ni cheti, na cheti si kitu kidogo. Mafia iliingia katika vita ya kwanza ya dunia Januari 1915, Waingereza walipoiteka kisiwa hiki kutoka kwa Wajerumani. Husimuliwa kwamba mwaka 1964 Wajerumani walipotuma fedha Mwanza kuwalipa askari wao wa zamani, wazee wapatao 350 walijitokeza, na wachache tu walikuwa na hati zao. Mlipaji akawapa fagio badala ya bunduki na kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani; hakuna aliyekosea. Wazee wale waliokolewa na kumbukumbu ya miili yao. Karani wa leo hatakubali gwaride.

Kwa hiyo kijana anayerudi ashauriwe kutunza cheti chake halisi mahali pakavu, mbali na maji ya chumvi, na kupeleka nakala iliyothibitishwa anapoomba kazi. Atakapoitwa lindoni, na ausome mkataba kabla ya kuvaa sare: ni wa miezi mingapi, mshahara hulipwa tarehe ngapi, michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa kwa nani. Afisa anayempokea amjibu maswali hayo bila kumwona mkaidi.