Mhariri Asiyeonekana: Hotuba kwa Wahitimu wa Uandishi wa Habari

Intaneti ilimpa kila mtu uwezo wa kuchapisha, lakini njia za kumfikia msomaji zikabaki mikononi mwa wachache. Google ilinunua YouTube mwaka 2006. Facebook ikanunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Tarehe 4 Oktoba 2021 hitilafu moja ilizima Facebook, Instagram na WhatsApp kwa takriban saa sita, duniani kote.

Nguvu kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika kupanga. Gazeti lina mhariri mwenye jina, anayeweza kulaumiwa na hata kushtakiwa. Mitandaoni, programu ndiyo huamua kipi kitangulie, nayo hupendelea kinachomshikilia mtu kwenye simu. Hasira na hofu hushikilia watu kuliko taarifa ya bajeti ya halmashauri, na polepole watu huanza kuamini kwamba kinachopigiwa kelele ndicho kilicho muhimu.

Serbia ilionja nguvu hiyo. Oktoba 2017 Facebook ilifanya jaribio katika nchi sita, Serbia ikiwa mojawapo: machapisho ya kurasa za vyombo vya habari yaliondolewa kwenye mlisho mkuu na kuwekwa pembeni, isipokuwa yaliyolipiwa. Hakuna sheria iliyotungwa wala gazeti lililofungiwa. Stevan Dojčinović, mhariri wa KRIK, chombo kidogo kinachochunguza ufisadi na uhalifu, alilalamika katika New York Times kwamba demokrasia ya nchi yake imegeuzwa maabara. Jaribio lilisitishwa Machi 2018, kwa uamuzi wa kampuni ileile.

Lawama haziishii kwa kampuni za mitandao. Vyumba vya habari vyenyewe viliwapeleka wasomaji wao mitandaoni kwa hiari, vikaacha kuwajua, kisha vikaanza kuandika vichwa vya habari vya kutafuta mibofyo. Hilo ni kosa la taaluma, na linaumiza kuliko yote.

Kwa hiyo wahitimu wana deni: popote watakapoajiriwa, wadai chombo kiwe na tovuti yake, kiwajue wasomaji wake bila dalali, na kila habari iwe na mhariri anayejulikana kwa jina.