Daftari la Wanachama



Tulipoanza Chama Kikuu hiki, daftari letu lilikuwa na jina la mkulima, kijiji chake na kilo alizoleta mizanini. Leo kila mmoja wenu yumo katika kompyuta kwa namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba na deni lake. Faida zake hatuzibezi. Tarehe 8 Agosti 2022, papa hapa Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku, na ilimpasa mkulima aandikishwe ndipo aipate.

Lakini habari za watu maelfu zikiunganishwa husema mambo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyasema. Huonyesha kata itakayovuna haba, na nani atakayekuwa na dhiki mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu. Mnunuzi mwenye kujua hayo hana haja ya kubishana bei, atangoja tu.

Basi wakopeshaji fulani wametuomba daftari zima, kwa malipo mema. Hatuwafichi: fedha hizo zingetosha kuezeka ghala letu. Hata hivyo Bodi yashauri tukatae. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, wala zisigeuzwe kwa kusudi jingine. Yampa pia haki ya kuziona, kuzisahihisha, na kukataa kuamuliwa na mashine peke yake. Hili la mwisho si dogo. Mashine yaweza kumnyima mjane mkopo kwa kuwa kilo zake zilipungua mwaka ule aliomwuguza mumewe. Karani wa mizani angelijua jambo hilo. Makarani nao hupendelea, ni kweli; ila karani huulizwa, naye hujibu mbele ya watu.

Watafiti wa kilimo, kama wale wa Uyole, twaona wapewe hesabu za mavuno zisizo na majina. Mwanachama apendaye kukopa ataidhinisha habari zake mwenyewe, kwa sahihi au kwa dole gumba. Fomu zitagawiwa alasiri hii baada ya kura. Asiyejua kusoma na asomewe na mtu amchaguaye mwenyewe, asiwe mtumishi wa Chama.