Cheka na Jirani, Usimcheke Jirani

Leo katika mazungumzo yetu ya amani sitaanza na bunduki. Nitaanza na bugali.

Wazee walisimulia hivi. Mume na mke wameketi kula bugali na kuku. Wakasikia hodi mlangoni. Mume akanong'ona: "Mama, ficha!" Sahani ikasukumwa chini ya kitanda. Mgeni akaingia, akakaa. Wakazungumza habari za mvua, za mihogo, za bei ya chumvi. Mgeni haondoki. Mwishowe mtoto akauliza: "Baba, na yule paka aliye chini ya kitanda, yeye amekaribishwa na nani?"

Kwa nini tunacheka? Kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuficha sahani, au amewahi kuwa yule mgeni. Hadithi haikusema mtu huyo ni wa kabila gani. Ni mimi, ni wewe.

Wakubwa kati yenu wanakumbuka mwaka 1993, wakati wa Zaire. Noti ilikuwa imefika milioni tano. Mwezi wa 10 mwaka huo pesa ikabadilishwa, zaire milioni tatu za zamani zikawa zaire mpya moja. Watu walisema nini? "Zamani tulikwenda sokoni na pesa mfukoni, tukarudi na nyama ndani ya kikapu. Sasa twaenda na pesa ndani ya kikapu, twarudi na nyama mfukoni." Na mfanyakazi akiuliza mshahara uko wapi, anajibiwa: "Article 15, ujitafutie!" Mushi alicheka, Munande alicheka, Muhunde, Mutusi, Muhutu, Muluba, wote walicheka, maana njaa ilikuwa moja. Kicheko hicho hakikujaza sufuria, lakini kilituweka pamoja.

Ndugu zangu, kuna mzaha wa namna nyingine. Jirani zetu wa Rwanda waliuona. Mwezi wa 7 mwaka 1993 ilianza redio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki mzuri, na watangazaji wake walijua kuchekesha. Vijana waliipenda. Katikati ya muziki na kicheko, Watutsi waliitwa mende. Sikio likazoea. Mwezi wa 4 mwaka 1994 mauaji yakaanza, na redio ile ile ikawa inachochea wauaji. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu wawili kati ya waanzilishi wake. Hata kwetu Kongo, vita vya mwaka 1998 vilipoanza, kuna watu walioitwa wadudu mbele ya wote. Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutunga usaha.

Sasa tuje kwenye bomba la maji, pale mnapopanga mabidoni tangu alfajiri. Kijana mmoja anasema: "Watu wa kabila fulani, hata uwape ziwa lote, hawatosheki!" Watu wanacheka. Lakini mama mmoja ndani ya foleni hacheki. Anachukua bidoni yake tupu, anarudi nyumbani. Jioni watoto wake wa kiume wanamwuliza: "Mama, kwa nini hakuna maji?" Atajibu nini? Na wao watafanya nini kesho? Hapo ndipo fujo inapozaliwa, wala haikuletwa na bunduki.

Ninyi mashefu na viongozi wa kambi, siwaombi mkataze watu kucheka. Mtu aliyepoteza shamba na mbuzi wake, mkimnyang'anya na kicheko, mmembakizia nini? Lakini mnaposikia mzaha wa kabila, msinyamaze. Mwite msemaji, umwambie kwa upole: "Mwanangu, ya wengine tumesikia. Sasa utuchekeshe na ya nyumbani kwenu." Atakuna kichwa, kisha atasema ya baba yake aliyeficha sahani, na foleni yote itacheka bila mtu kuondoka.

Kuna njia nyingine ya kuupima mzaha. Jiulize: naweza kuusema akiwa ameketi hapa yule ninayemsema, na watoto wake? Kama unageuka kwanza kutazama nani yupo, umeze neno hilo.

Wazee wetu walijua mipaka. Bibi humwita mjukuu wake "bwana yangu", na mjukuu hujibu kwamba mke huyu amezeeka, hana meno ya kutafuna mahindi. Hakuna anayekasirika, kwa sababu upendo ulitangulia. Basi pale ambapo upendo bado haujarudi, tuanze kwa kujicheka wenyewe.

Ni kama yule mama aliyeulizwa siku ya kuandikisha majina: "Nyumbani kwako muko watu wangapi?" Akajibu: "Sisi ni saba. Lakini wakati wa kula, mume wangu mumwandike mara mbili."

Leo jioni, kabla ya kulala, mwite jirani ambaye hamsalimiani. Msimulie ya paka chini ya kitanda. Kisha umwulize kama kwao paka walikuwa na adabu kuliko wa kwenu.

Amani iwe kwenu.