Mhasibu wa Pili: Gharama za Utawala Katika Asasi Zetu



Jinsi asasi isiyo ya faida inavyofunga hesabu zake sitaieleza. Wengi wenu mnalifundisha somo hilo. Nimekuja kupambana na kauli moja inayokaririwa na wafadhili, waandishi wa habari, hata wakaguzi: kwamba asasi njema hutambulika kwa udogo wa gharama zake za utawala. Naikataa.

Asilimia ya gharama hizo hupatikanaje? Kule Marekani asasi hujaza Fomu 990 na kugawa matumizi katika mafungu matatu: programu, utawala na uchangishaji. Anayegawa ni asasi yenyewe. Watafiti wa Urban Institute na Chuo Kikuu cha Indiana walipozichambua fomu hizo, walikuta zaidi ya theluthi ya asasi zilizopata michango ya dola 50,000 au zaidi zimeandika kwamba hazikutumia hata senti moja kuchangisha. Nani basi aliandika barua za maombi? Nani alilipia simu?

Kila mwaka nawasomesha wanafunzi wangu makala ya Ann Goggins Gregory na Don Howard, iliyotoka mwaka 2009 katika jarida la Stanford Social Innovation Review. Inaeleza kwamba mfadhili hutarajia gharama ndogo kupita kiasi. Asasi hujibana, kisha huandika pungufu. Taarifa hiyo humhakikishia mfadhili kwamba hakukosea, naye hubana zaidi. Asasi nne zilizochunguzwa humo zilitangaza gharama za kati ya asilimia 13 na 22. Hesabu halisi ilikuwa kati ya 17 na 35. Naithamini mno makala hii kwa sababu haimsaki mwizi. Inaonyesha watu waadilifu wakisukumana hadi kwenye taarifa za uongo.

Hapa kwetu nimeyashuhudia hayo nikiwa mjumbe wa bodi ya asasi moja ya afya. Mtu yuleyule alipokea fedha, akaandaa hati za malipo, akaandika hundi na kufanya usuluhishi wa benki. Bajeti haikuruhusu mhasibu wa pili. Fedha zilipopotea, mfadhili alidai udhibiti ambao yeye mwenyewe alikuwa amekataa kuulipia.

Wapinzani wangu watataja Cancer Fund of America, kundi la asasi za hisani za saratani, na wana haki. Mwaka 2015 serikali ya Marekani na majimbo yote 50 zilishtaki kundi hilo kwa kuwalaghai wachangiaji zaidi ya dola milioni 187. Ila someni mashtaka yenyewe: kundi lilidaiwa kukuza thamani ya misaada ya vitu ili uwiano wa gharama zake upendeze. Kipimo kile kile tunachoambiwa tukitegemee ndicho kilichokuwa kificho.

Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipandisha kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja kinachoruhusiwa katika ruzuku zake, kwa asasi isiyo na kiwango ilichokubaliana nayo, kutoka asilimia 10 hadi 15. Ni hatua njema, lakini bado ni asilimia. Mhasibu wa wilayani hula, hupanga nyumba na kusomesha watoto kwa gharama ileile, ruzuku iwe ya shilingi milioni 50 au milioni 500. Ndiyo maana nashikilia kwamba mshahara wake uandikwe kwa kiasi kamili, katika mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya magari na semina.